Kambare na Sato Bwawa Moja: Njaa Ndiyo Huleta Vita

Bwawa lenye sato peke yao, majike na madume, huanza vizuri na kuishia pabaya. Sato huanza kuzaa akiwa na umri wa miezi mitatu hivi, na kwa kuwa jike hulea mayai na watoto mdomoni, wengi hupona. Baada ya muda maji yanajaa vijisamaki vya kiganja, chakula kinagombewa na midomo mingi, na hakuna anayekua.

Kambare ndiye dawa ya tatizo hilo, kwa sababu huwala watoto wa sato. Ila ni samaki mkali. Akimzidi sato ukubwa, humla sato mwenyewe; akibanwa na njaa, humla kambare mwenzake. Ndiyo maana sato hutangulizwa, wawili au watatu kwa kila mita ya mraba, kisha kambare wachache, wadogo kuliko wao na wanaolingana, wakafuata. Kuokota kambare wa mtoni wa kila ukubwa na kuwatumbukiza bwawani ni kualika vita, na pengine maradhi.

Katika kata ya Bugomora, wilayani Kyerwa, kama kwingineko katika nchi hii ya migomba na kahawa, kishawishi kikubwa ni kutupia samaki chochote kilichobaki jikoni. Maganda ya ndizi hayalishi kambare. Yanaoza na kuchafua maji, na mahali pake ni shimo la mboji. Hata pumba za mahindi hazitoshi zikiwa peke yake: zina protini kama asilimia 10, wakati sato anayekua anahitaji asilimia 25 hadi 30 na kambare asilimia 35 hadi 40. Pumba zichanganywe na mashudu ya alizeti, dagaa waliosagwa na soya iliyokaangwa. Soya mbichi humzuia samaki asimeng'enye protini. Mahindi yenye ukungu yasiingie kabisa, maana sumukuvu huharibu ini la samaki kama inavyoharibu la binadamu.

Kiasi nacho kina hesabu yake. Samaki wakubwa kiasi, wenye uzito wa jumla wa kilo 100, hupewa kama kilo 3 kwa siku, nusu asubuhi jua likishapanda na nusu alasiri, mahali palepale. Mlishaji asimame aangalie. Chakula kikibaki kinaelea baada ya robo saa, kesho apunguze. Kyerwa ni nchi ya miinuko, na siku za baridi maji yakishuka chini ya nyuzi 20 sato hula kidogo sana; kuwalazimisha ni kutupa fedha majini.

Dalili ya hatari huonekana alfajiri: sato wanapanda juu wakihema mdomo wazi. Hewa ndani ya maji imekwisha. Kambare atakuwa ametulia, kwa kuwa ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu, hivyo utulivu wake usimdanganye mtu. Hapo chakula kisitishwe na maji mapya yaingizwe, yakipitia wavu ili samaki wa mtoni wasiingie. Kingo ziwe juu na ziwe na uzio, kwani usiku wa mvua kambare hutambaa kwenye nyasi na kuhama.

Jambo moja linaniuma zaidi, nalo ni bomba la kupulizia dawa ya kahawa kuoshwa kandokando ya bwawa au kwenye mfereji unaolilisha. Dawa kidogo tu ya wadudu inaweza kuua samaki wote kwa siku moja. Mwenye shamba na mwenye bwawa wakubaliane mapema mahali pa kuoshea, mbali na maji. Na kabla ya kununua vifaranga, muone kwanza afisa uvuvi wa halmashauri, aje alikague bwawa likiwa bado halina samaki.