Mgomba Huzaa Mara Moja

Kila chenye uhai kina siku yake. Binadamu huyakumbuka hayo makaburini, kisha huyasahau njiani akirudi nyumbani. Lakini nyuma ya nyumba nyingi za hapa Uganda umesimama mmea usioficha kifo chake, nao ni mgomba.

Ndugu msomaji, utazame vema. Kile tukiitacho shina si mti hata kidogo, bali ni maganda ya majani yaliyokumbatiana na kujaa maji. Shina la kweli limejificha ardhini. Wakati ukiwadia, ua hupanda kutoka huko chini, likapenya katikati ya maganda mpaka kileleni, likainamisha kichwa. Tangu hapo mgomba hautoi jani jipya. Nguvu zake zote huishia katika mkungu mmoja, na ukishakatwa mkungu huo, haukusaliwa na jambo ila kufa. Wahenga walinena kwamba mgomba haushindwi na mkunguwe. Wahenga tunawaheshimu, ila wakulima wetu wasingehangaika kuuegemeza kwa nguzo kama ingekuwa hivyo daima.

Matoke hayana mbegu ya kuotesha. Uzazi wote umo katika machipukizi yachomozayo kando ya mama. Kwa hiyo mkulima hodari huacha mgomba wenye mkungu, binti yake, na mjukuu, mengineyo huyang'oa. Kwa desturi hiyo shamba huweza kulisha watu kwa miongo kadhaa, ingawa hakuna hata mgomba mmoja uliosimama humo tangu lilipoanzishwa.

Familia za askari na polisi zinalijua hili kuliko wengine. Chipukizi huchukua mwaka na zaidi kabla ya kuzaa, na barua ya uhamisho haingoji ndizi. Aliyepanda kambini huondoka, na mkungu wake huliwa na watoto wa mwenziwe. Naye huko aendako hukuta migomba ya mtu asiyemjua, ambaye pengine hayupo tena duniani.

Hata shamba lenyewe si la milele. Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa bakteria ulitambuliwa nchini Uganda. Ua dume hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati wake, na shina likikatwa hutoka ute wa manjano. Wadudu huueneza kwa kutembelea maua, lakini panga letu wenyewe nalo ni mchukuzi wake. Panga lililokata mgomba mgonjwa, likikata mzima bila kupitishwa motoni, huweza kuua mama, binti na mjukuu pamoja. Ua dume nalo livunjwe kwa mti wenye panda, mara chane ya mwisho ikishatokeza.

Panga likiwa safi, kazi iliyobaki ni ndogo. Mkungu hushushwa, majani hukatwa na kutandazwa chini ya binti, na kisiki huachwa kirefu. Hutiririsha maji kidogo, kisha huanza kuoza taratibu, na chakula kilichosalia ndani yake hupita chini kwa chini kumwendea chipukizi.