Binti Muuguzi na Milango ya Kazi Isiolo

Katika familia zetu, binti akishapata cheti au stashahada ya uuguzi, kazi ya kwanza kumfikia aghalabu ni ya kumtunza mzee asiyeinuka kitandani katika nyumba ya watu, au wakala humjia na habari za kwenda kutunza wazee Ghuba. Kumhudumia mzee ni ibada, wala hatuidharau. Lakini aliyefundishwa kuzalisha, kuchanja na kupima utapiamlo, akikaa miaka mitano kwa mgonjwa mmoja tu, mkono husahau.

Isiolo inauhitaji ujuzi huo. Kaunti ni pana, na wengi wa watu wake ni wafugaji wanaofuata maji na malisho. Kutoka Merti hadi hospitali ya rufaa mjini Isiolo ni mwendo mrefu, na mama mwenye uchungu hangoji gari. Muuguzi wa zahanati huko ndiye mkunga, ndiye mchanjaji, ndiye mtoa dawa. Mwezi wa Disemba 2018 Isiolo ilikuwa miongoni mwa kaunti 4 zilizoanza majaribio ya mpango wa Afya kwa Wote, pamoja na Kisumu, Nyeri na Machakos.

Tangu 2013 huduma za afya zimo mikononi mwa kaunti, na nafasi hutangazwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Tangazo lisomwe kwa makini: ni ajira ya kudumu au ni kandarasi? Kandarasi si aibu, ila ijulikane inakwisha lini na bima inalipwa na nani. Wahudumu walioajiriwa kwa kandarasi mwaka 2020 chini ya Afya kwa Wote walikaa miaka wakidai ajira ya kudumu. Nje ya serikali kuna hospitali za binafsi, zahanati za shule za bweni, na mashirika ya misaada yenye kliniki za kuhamahama nyakati za ukame.

Mwenye cheti asikate tamaa. Mwaka 2005 AMREF, pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya, ilianzisha masomo ya mbali ya kuwapandisha wauguzi wa cheti hadi stashahada, nao walisoma huku wakiendelea na kazi.

Sasa tuseme lililo zito. Wazazi wengi humzuia binti kwenda Garbatulla au Oldonyiro peke yake, na khofu yao ina msingi. Lakini hao hao wazazi hutaka mkwe wao azalishwe na mwanamke. Atatoka wapi? Bibi Rufaida al-Aslamiya alipiga hema lake msikitini Madina na kuwatibu majeruhi, naye Mtume (S.A.W.) aliagiza Saad bin Muadh apelekwe huko. Badala ya kukataa tu, baba na aulize: nyumba ya muuguzi ipo? Kuna mlinzi usiku? Mwenzake wa zamu ni nani? Majibu yakiridhisha, amsindikize mwenyewe siku ya kwanza.

Kabla ya hapo, leseni ya Baraza iwe hai, na nakala za vyeti na kitambulisho ziwe tayari, kwa kuwa muda wa maombi huwa mfupi. Anayedai shilingi ili kulipitisha jina la mtu, asipewe hata moja.