Ukakamavu wa Springi na Mbano wa Awali

Neno "ugumu" limebebeshwa maana nyingi mno katika ufundi wa pikipiki. Springi ya shokapu ikiwa ya waya mnene, husemwa kuwa ni ngumu. Springi laini iliyokazwa kwa spana nayo husemwa kuwa ni ngumu. Fundi aliye na chombo mbele yake hupambanua kwa jicho na mkono. Mfasiri wa kitabu cha maelekezo hana msaada huo, na bwana shamba akisomaye kitabu hicho mbali na gereji aweza kukaza pale alipopaswa kubadilisha. Katika makala haya tunakusudia kuzitenga dhana hizo mbili na kuzipendekezea istilahi, kwa mfano wa shokapu za mbele za pikipiki ya njia mbaya.

Dhana ya kwanza ni nguvu inayotakiwa ili kuibonyeza springi kwa kila milimita moja. Hii ni sifa ya springi yenyewe, nayo hutegemea unene wa waya, upana wa mizunguko na idadi yake. Mwaka 1678 Robert Hooke wa Uingereza alieleza kwamba nguvu ya springi huongezeka kwa kadiri inavyobonyezwa au kuvutwa. Sifa hii haibadilishwi kwa spana. Hapana budi kutia springi nyingine. Kuiita "kiwango cha springi" ni kumwachia msomaji swali: kiwango cha nini? Tunapendekeza iitwe ukakamavu wa springi.

Dhana ya pili ni kiasi ambacho springi imekwisha kubanwa ndani ya shokapu kabla gurudumu halijapokea uzito wowote. Hupimwa kwa milimita, na huongezwa kwa parafujo iliyo juu ya shokapu au kwa kipande cha bomba kinachowekwa juu ya springi. Istilahi "mzigo wa awali" haifai, kwani msomaji ataudhania mzigo uliofungwa kwenye keria. Tunapendekeza mbano wa awali.

Hesabu ndogo itaonyesha tofauti. Tuseme kila shokapu ina springi yenye ukakamavu wa nyutoni 4.4 kwa milimita. Zote mbili kwa pamoja ni 8.8. Mbano wa awali ni milimita 5. Tukiacha kando hewa na mafuta yaliyomo, shokapu zikibonyea milimita 200 springi husukuma kwa nyutoni 1,804. Tukiongeza mbano hadi milimita 10, tunapata 1,848, yaani nyongeza ya 44 tu, na nyongeza hiyo ni ileile tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini tukiuacha mbano uwe 5 na kutia springi za 4.8, tunapata 1,968, yaani nyongeza ya 164.

Kwa hiyo mbano wa awali hurekebisha kimo cha mbele cha pikipiki, na ukakamavu ndio unaokabili mashimo na matuta. Springi huchaguliwa kwanza, kwa kufuata uzito wa dereva na vifaa vyake. Kisha mbano hutumiwa kupata mbonyeo, yaani kiasi ambacho shokapu hushuka dereva akiwa amepanda. Shokapu zenye mwendo wa milimita 300 hutakiwa kushuka takribani robo yake, yaani milimita 75. Ikiwa kimo hicho hakipatikani ila kwa mbano mwingi mno, springi ni laini mno; ikiwa hata kwa mbano mdogo kabisa shokapu hazishuki vya kutosha, springi ni kakamavu mno. Anayekaza springi laini hupata pikipiki iliyoinuka mbele, isiyofuata vizuri mashimo madogo, na ambayo bado hugonga mwisho katika shimo kubwa.

Wasomaji wetu waweza kuzijaribu istilahi hizi kwa onyo moja ambalo kila kitabu cha namna hii hakina budi kulitoa: "Usiongeze mbano wa awali ili kufidia upungufu wa ukakamavu." Mfasiri aliye na neno "ugumu" peke yake atalazimika kuandika: "Usiongeze ugumu ili kufidia upungufu wa ugumu." Hapo hata fundi stadi hatajua la kufanya.