Joto la Sailensa: Faida na Hatari Yake Angani

Kadiri mtu anavyopanda juu angani, ndivyo hewa inavyozidi kuwa baridi. Kwa wastani, joto hupungua nyuzi 6.5 za Sentigredi kwa kila mita 1,000. Hivyo, siku ambayo watu wa Mombasa wanatokwa jasho katika nyuzi 30, rubani aliye mita 3,000 juu yao amezungukwa na hewa ya nyuzi 10 hivi. Huko Wisconsin, Marekani, ambako Experimental Aircraft Association, chama cha watu wanaojiundia ndege, kilianzishwa mwaka 1953, wakati wa kipupwe maji huganda hata ardhini. Je, aliyejiundia ndege katika karakana ya nyumbani atapata wapi joto?

Motokaa hupasha hewa joto kwa maji yaliyopoza injini. Injini nyingi za ndege ndogo hazina maji hayo, kwa sababu hupozwa kwa upepo. Hata hivyo joto lipo tele. Injini ya petroli hugeuza kiasi cha robo hadi theluthi tu ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Sehemu kubwa ya nishati iliyobaki hupotea kupitia ekzosi, kwa gesi zenye joto la nyuzi 700 au zaidi.

Koti la bati

Muundaji huizungushia sailensa koti la bati, akiacha nafasi ndogo katikati. Hewa safi kutoka nje hupita katika nafasi hiyo, ikapata joto kwa kugusa chuma cha sailensa, kisha ikaingia chumba cha rubani kwa bomba. Hewa hiyo haichanganyiki kamwe na moshi. Kinachozitenganisha ni ukuta mwembamba wa chuma.

Hapa waundaji wengine hukosea. Rubani asipohitaji joto, wao huziba njia ya hewa kabisa. Hewa iliyonaswa ndani ya koti haiwezi kuondoa joto, na sailensa huzidi kuwa moto kuliko ambavyo ingekuwa bila koti. Chuma kinachopanuka na kusinyaa kila safari, huku kikitikiswa na injini, mwishowe hupata nyufa. Kwa hiyo vali bora ina milango miwili: mmoja unapofungwa upande wa chumba, mwingine hufunguka na kuitoa hewa nje. Hivyo upepo haukomi kuipoza sailensa.

Gesi isiyoonekana

Ufa mmoja watosha kupitisha kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Katika damu, hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na hivyo oksijeni hukosa nafasi. Rubani huumwa kichwa, akili huchoka, kisha hupoteza fahamu asijue kilichompata.

Tarehe 21 Januari 2019, ndege ndogo aina ya Piper Malibu, iliyotengenezwa kiwandani, ilianguka katika mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza, ikiwa imemchukua mchezaji wa kandanda Emiliano Sala. Uchunguzi ulionyesha kwamba asilimia 58 ya himoglobini katika damu yake ilikuwa imeshikwa na kaboni monoksaidi. Wachunguzi walieleza kwamba yamkini rubani naye aliathiriwa na gesi hiyo.

Kinga

Fundi mwangalifu huvua koti kila wakati wa ukaguzi. Huingiza hewa yenye kani ndogo katika ekzosi, kisha hupaka maji ya sabuni. Povu likitokea, hapo pana ufa. Huziba pia kila tundu katika ukuta unaotenga injini na rubani, na kufunga chombo cha kielektroniki kinacholia gesi inapoingia. Rubani anayehisi kichwa kinamuuma hufunga joto mara moja, hufungua hewa ya nje na kutua mapema iwezekanavyo. Kutua peke yake hakumalizi hatari: mtu akivuta hewa ya kawaida, huchukua saa nne hadi tano kwa nusu ya gesi hiyo kutoka katika damu.

Gesi hiyo ndiyo ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Angani au nyumbani kanuni ni moja: joto la moto lichukuliwe, moshi wake uachwe nje.