Mchanga mweusi: hapa mavi ya chuma yanapita chuma bei

Wenye kuosha dhahabu kwenye mito ya Shabunda ama Mambasa wanaujua ule mchanga mweusi, mzito, unaobaki ndani ya karai wakati mchanga mwepesi umekwenda na maji. Wengi wanaumwaga. Lakini ulizo haliishi: kama mule iko chuma, juu ya nini hauyeyushwe hapa hapa?

Chuma iko kweli. Mara nyingi mule kuna magnetiti, ambayo ni chuma na oksijeni, pamoja na ilmeniti, ambamo titani nayo imeshikamana humo. Kazi yote ni kuondoa oksijeni. Kwenye moto mkali kaboni inaikamata na kutoka nayo kama gesi, ileile inayoua watu wenye kulala na mbabula ndani ya nyumba. Chuma kinaachilia oksijeni yake. Titani inakatala.

Huko Richards Bay, Afrika ya Kusini, kazi hii inafanywa tangu miaka ya 1970. Mchanga wa pwani unatenganishwa kwa maji na kwa sumaku, kisha ilmeniti inaingizwa pamoja na makaa ya mawe ndani ya tanuru ya umeme, kwenye joto la digri zaidi ya 1600. Chuma kinayeyuka, kinashuka chini. Juu yake yanaelea mavi ya chuma. Kwingine ni takataka; hapa ndiyo mali yenyewe, sababu karibu asilimia 85 ni oksidi ya titani. Sehemu kubwa inaishia kwenye rangi nyeupe ya kupaka nyumba, karatasi na plastiki. Kidogo tu ndiyo inakuwa metali ya ndege.

Mafundi wa zamani wa Maziwa Makuu walitoa chuma kwa makala na mivukuto, lakini tanuru ya namna hii inakula umeme usiku na mchana. Hata Kwale, Kenya, kuanzia 2014 mpaka mwisho wa 2024, ilmeniti ilipakiwa melini Likoni bila kuyeyushwa. Bukavu, ambako umeme wa Ruzizi hautoshi hata majumbani, ndoto hiyo iko mbali.

Kilicho karibu ni sumaku ya baflo mbovu. Mchanga ukikauka, magnetiti inairukia. Ilmeniti inavutwa kidogo sana. Kasiteriti, pale inapopatikana, kwa kawaida inabaki kwenye karai, na hiyo wanunuzi wanaiulizia leo.