Vumbi la Pamba: Namna Pumzi ya Mfanyakazi Inavyopimwa Kabla Madhara Hayajawa ya Kudumu

Wananchi wa Kata ya Dutwa, wilayani Bariadi, wanaifahamu pamba tangu shambani hadi kwenye mizani ya chama cha ushirika. Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, ndio unaoongoza nchini kwa uzalishaji wa zao hilo. Kutoka kwenye mizani, pamba mbegu hupelekwa viwandani, ambako mashine hutenganisha nyuzi na mbegu. Kazi hiyo hutimua vumbi ambalo mfanyakazi hulivuta zamu nzima, na madhara yake katika mapafu yanaweza kuanza kabla yeye mwenyewe hajajihisi mgonjwa.

Chembe zinazoelea hewani huitwa erosoli, na mahali zinapotua mwilini hutegemea zaidi ukubwa wake. Chembe zinazozidi mikromita 10 hunaswa zaidi puani na kooni. Zilizo ndogo kuliko hizo huingia kwenye mirija ya hewa, na zilizo ndogo zaidi hufika kwenye vifuko vya hewa mwisho wa mapafu. Unywele wa binadamu una unene wa takriban mikromita 70. Hivyo vumbi lisiloonekana kwa macho ndilo linalofika mbali zaidi. Ute na vinyweleo vya mirija husukuma uchafu nje, lakini vifuko vya hewa havina vinyweleo hivyo, na usafishaji wake huchukua muda mrefu.

Vumbi la pamba huchanganyika na mabaki ya majani, udongo na bakteria wenye sumu iitwayo endotoksini, ambayo huwasha na kubanisha mirija. Ugonjwa unaotokana na vumbi hilo huitwa bisinosisi. Dalili yake ya mwanzo ni kifua kubana siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko, kisha hali hutulia siku zinazofuata. Kwa sababu hiyo wengi huipuuza. Vumbi likiendelea kuvutwa kwa miaka mingi, mbano huwa wa kila siku na mirija inaweza isirejee katika hali yake.

Kipimo kinachotumika ni spirometa. Mpimwa huvuta pumzi hadi mwisho, hufunga midomo kwenye mrija wa kifaa, kisha hupuliza kwa nguvu zote. Kifaa husoma hewa iliyotoka katika sekunde ya kwanza na hewa yote iliyotoka. Endapo hewa ya sekunde ya kwanza ni chini ya asilimia 70 ya hewa yote, hiyo ni ishara kwamba mirija imebana.

Hata hivyo, kipimo kimoja hakitoshi. Mfanyakazi anapaswa kulinganishwa na yeye mwenyewe, kabla na baada ya zamu ya siku ya kwanza ya wiki. Kwa mfano, aliyepuliza lita 3.0 asubuhi na lita 2.8 jioni amepoteza mililita 200, sawa na karibu asilimia 7. Kanuni za Marekani za mwaka 1978 kwa viwanda vya nyuzi huelekeza kwamba mfanyakazi aliyepungukiwa kwa asilimia 5 au mililita 200 afuatiliwe kila baada ya miezi sita.

Hapa nchini, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inataka wafanyakazi wapimwe afya kabla ya kuanza kazi na kila baada ya muda. Aidha, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), unaochangiwa na waajiri, hulipa fidia kwa magonjwa yatokanayo na kazi. Kumbukumbu ya pumzi ya siku ya kwanza kazini humsaidia daktari kubaini kilichopotea baadaye.

Waajiri wanapaswa kudhibiti vumbi kwenye chanzo chake kwa mitambo ya kulinyonya, na kutoa barakoa zinazochuja chembe ndogo; kitambaa kilichofungwa usoni hakizizuii vya kutosha. Mwananchi mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi afike kituo cha afya kuchunguzwa pia kifua kikuu, na amweleze mtoa huduma kazi anayoifanya.