Je, Wajua? Shabana na Ukame wa Mabao

Je, wajua kwamba timu inayopendwa kuliko zote katika nchi ya Abagusii ina jina la duka? Shabana lilikuwa duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, na mwenyewe, marehemu Dogo Khan, ndiye aliyeanzisha klabu hiyo karibu mwaka 1980. Leo ukitaja Shabana, kuanzia Suneka hadi Nyansiongo, hakuna anayewazia misumari wala mabati. Watu wanakujibu kwa lile jina la utani la timu: Tore Bobe!

Nyamira haina timu katika Ligi Kuu ya Kenya, kwa hiyo Shabana ni yao pia. Siku ya mechi, matatu zinazotoka Kebirigo na Nyamira mjini huteremka na mashabiki wenye jezi na vuvuzela, zikakutana na wenzao wa Keroka, ule mji ambao nusu yake iko kaunti ya Kisii na nusu Nyamira. Wote wanaelekea Uwanja wa Gusii, uliokarabatiwa kwa ajili ya sherehe za Mashujaa za Oktoba 20, 2020. Ninaandika haya kwa ajili yao, kwa sababu ni watu waliovumilia mengi.

Walivumilia miaka 17, kwanza. Shabana iliteremshwa ngazi mwaka 2006, mwaka ule ule ambao majirani zao wa Awendo, SoNy Sugar, walitwaa ubingwa wa Kenya. Haikurudi hadi iliposhinda Ligi ya Supa (NSL) msimu wa 2022/23 chini ya kocha Sammy Okoth. Mtoto aliyezaliwa timu ikishuka alikuwa amefika kidato cha tatu au cha nne iliporudi. Kisha, baada ya furaha yote hiyo, msimu wa 2023/24 ukaanza na timu ikawa inasuasua. Mabao yalikuja kwa shida, alama zikapatikana moja moja, na limbukeni hao wakajikuta katika eneo la kuteremshwa ngazi. Jukwaani maneno yakawa makali, na wa kwanza kulaumiwa, kama kawaida, akawa mshambuliaji.

Lawama hizo huja mapema mno. Tuzipime kwa hesabu.

Je, wajua kwamba kwa wastani ni kombora moja tu kati ya kama kumi linaloingia wavuni katika soka ya kulipwa? Hata penalti, mpira uliotulia mita 11 kutoka langoni na kipa peke yake mbele ya mpigaji, hukosa mara moja katika kila nne hivi. Chukua timu ndogo inayofyatua makombora manane kwa mechi, kila moja likiwa na nafasi hiyo ya moja kwa kumi. Ukipiga hesabu utaona kwamba katika mechi 100, timu hiyo itamaliza takriban 43 bila bao lolote, hata washambuliaji wake wakifanya kazi yao ipasavyo. Ligi Kuu yetu ina timu 18, kila moja ikicheza mechi 34. Timu ya namna hiyo ikimaliza msimu mzima bila kukosa bao mechi tatu mfululizo hata mara moja, imebahatika.

Sasa fikiria hizo mechi tatu zitokee lini. Zikitokea mwezi wa Machi, timu ikiwa ya saba, gazeti halitaandika hata mstari. Zikitokea wiki tatu za kwanza, ndizo mechi zote ambazo watu wamewahi kuona msimu huo, na jedwali linasoma mabao sifuri. Ukame ni ule ule, ila wa mwanzoni hauna kitu cha kuufunika.

Mfano ninaoupenda unatoka London. Msimu wa 2017/18, Crystal Palace walicheza mechi saba za kwanza za Ligi Kuu ya Uingereza, wakapoteza zote saba, na hawakufunga bao hata moja. Kocha Frank de Boer alifukuzwa baada ya mechi nne tu za ligi, nafasi yake akapewa mzee Roy Hodgson, na yeye pia akapoteza tatu za kwanza. Wengi walikwisha kuwazika. Kisha Oktoba 14, 2017, mabingwa watetezi Chelsea wakaja kwao Selhurst Park. Dakika ya 11 mpira ukaingia, Palace wakafungua ukurasa wa mabao, na aliyefunga alikuwa César Azpilicueta, beki wa Chelsea, aliyejifunga mwenyewe! Palace walishinda 2-1. Msimu ulipoisha walikuwa nafasi ya 11 kati ya timu 20.

Linganisha na Derby County, waliofunga mabao 20 pekee katika mechi 38 za msimu wa 2007/08, wakashuka na alama 11. Hao hawakuwa na ukame wa mwanzoni. Walikuwa jangwa tangu Agosti hadi Mei. Kutofautisha hali hizi mbili mapema ndiyo kazi ngumu ya kocha, na jedwali la mabao halimsaidii sana. Kinachosaidia ni kuangalia kama nafasi zinatengenezwa: krosi zinamfikia mtu? Kiungo anapata muda wa kuinua kichwa? Fowadi anapiga akiwa ndani ya boksi, au anabahatisha kutoka mbali kwa kukata tamaa? Timu inayofika ndani ya boksi mara nyingi na kukosa inastahili kuvumiliwa. Isiyofika kabisa inahitaji kubadilishwa.

Tena ukuta hujengwa haraka kuliko mashambulizi. Mabeki wanne wanaweza kufunzwa kusimama mstari mmoja kwa majuma machache. Lakini ili winga ajue bila kutazama kwamba straika wake hukimbilia mlingoti wa karibu, wanapaswa kuwa wamecheza pamoja mara nyingi. Timu iliyopanda ngazi na kusajili wapya msimu ukikaribia inaanza safari hiyo huku wapinzani wameshafika mbali.

Upo pia uwanja wenyewe. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kimo hicho ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15. Katika hewa nyepesi mpira husafiri kwa kasi zaidi na haupindi sana. Ikabu ambayo Mombasa ingezunguka ukuta na kushuka chini ya mwamba, Kisii inaweza kunyooka na kupaa juu yake. Wageni kama Bandari ya Mombasa wanaliona hilo wanapokuja, na wenyeji nao huliona kwa upande wa pili wanapoteremka pwani. Ongeza mvua. Nyanda za juu za Gusii ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi Kenya, ndiyo maana majani chai na ndizi vinastawi hapo. Ligi yetu ilipobadili kalenda na kuanza kuchezwa katikati ya mwaka mmoja hadi katikati ya mwingine, miezi ya mwanzo wa msimu ikaangukia kwenye vuli. Mwaka 2023, Shabana waliporejea, vuli hiyo ilikuja na El Niño. Pasi ndefu ya chini kwenye nyasi zilizojaa maji hukwama njiani, na timu iliyozoea kucheza mpira chini hulazimika kuurusha juu.

Kasi, angalau, haijawahi kuwa tatizo la watu wa huku. Naftali Temu, aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mita 10,000 mjini Mexico City mwaka 1968, alikuwa Omogusii. Robert Ouko wa Manga alikuwa mmoja wa wanne walioshinda dhahabu ya kupokezana vijiti, mita 400 mara nne, mjini Munich mwaka 1972.

Rudi kwenye mabao. Je, wajua kwamba wakati mmoja sheria yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiwanyima watu magoli? Hadi 1925, mshambuliaji alikuwa ameotea kama hakukuwa na wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli. Mabeki wa Uingereza walijifunza kupanda hatua moja tu, na shambulizi zima likafa. Msimu wa 1924/25, Daraja la Kwanza la Uingereza lilizaa mabao 1,192. Watatu wakapunguzwa kuwa wawili. Msimu uliofuata, kwa idadi ile ile ya timu, yakafungwa 1,703. Washambuliaji walikuwa karibu wale wale. Hawakuwa wamejifunza kupiga mpira katika likizo moja. Walikuwa wamefunguliwa mlango.

Mabao, yakija, huja kwa mafungu. Michael Olunga alifunga mabao manane katika mechi moja, siku ya mwisho ya msimu wa daraja la pili Japani, Novemba 24, 2019, Kashiwa Reysol walipoilaza Kyoto Sanga 13-1. Hapa nyumbani, rekodi ya Maurice Ochieng "Sonyi" wa Gor Mahia, mabao 26 ya mwaka 1976, ilikaa zaidi ya miaka 40 bila kuguswa. Makumi ya mafowadi hodari walikuja wakastaafu bila kuifikia. Elvis Rupia wa Kenya Police ndiye aliyeivunja, kwa mabao 27, msimu wa 2022/23, ule ule ambao Shabana walikuwa wakipigania kupanda.

Na Shabana imewahi kulea wafungaji. Henry Motego alitoka hapo akavaa jezi ya Harambee Stars. Aliyefuata njia ya ajabu zaidi ni Mike Okoth Origi, ndugu ya Austin Oduor, nahodha wa Gor Mahia iliyotwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987. Mike alikuwa mshambuliaji wa Shabana, akahamia Kenya Breweries, akacheza Oman, kisha Ubelgiji, ambako mwaka 1999 alitwaa ubingwa wa ligi akiwa na Genk. Mjini Ostend, Aprili 1995, alizaliwa mwanawe, Divock.

Divock Origi alikaa benchi muda mwingi Liverpool. Mei 7, 2019 alianzishwa dhidi ya Barcelona katika kombe la Ulaya kwa sababu Mohamed Salah na Roberto Firmino walikuwa wameumia. Liverpool walikuwa wamepigwa 3-0 katika mkondo wa kwanza. Origi akafunga mawili, Liverpool wakashinda 4-0, na Juni 1 mjini Madrid akafunga bao la pili la fainali dhidi ya Tottenham. Mwana wa fowadi wa Shabana, ambaye kwa wiki nyingi za msimu ule jina lake halikutajwa, ndiye aliyetia muhuri kombe la Ulaya.

Shabana nao wakaokoka. Katikati ya msimu wa 2023/24 timu ilimkabidhi kazi Sammy Omollo, anayejulikana zaidi kama Pamzo. Zamani alikuwa beki, wala hakuwahi kuwa mfungaji. Sioni ajabu hapo: sare tasa ina alama moja, na timu isiyofungwa inahitaji bao moja tu kupata tatu. Walibaki ligi kuu.

Kwa hiyo, wewe wa Kisii na wewe wa Nyamira, msimu mwingine ukianza na mechi tatu au nne zikapita bila bao, nakuomba kitu kimoja kabla hujamzomea yule kijana mwenye jezi namba tisa. Hesabu amefika ndani ya boksi mara ngapi, na mpira umemfikia mara ngapi akiwa huko. Kama ni nyingi, mwimbie Tore Bobe na urudi wiki ijayo.